Kikohozi cha Dakika ya Pili

Kituo chetu kiko juu ya duka la matairi,
Barabara ya Nane, Ngamiani.
Ngazi ina vidato kumi na tisa; cha saba kimeoza,
tunakiruka bila kutazama.
Kuta tumeziba kwa magunia ya mkonge na trei za mayai.
Alhamisi, saa tatu usiku, Bi Saumu Kidagho
huvua viatu, hujivutia maikrofoni, na husema:

*Alhamisi imefika, tega sikio rafiki,*
*la jana halikuchoka, la leo halishindiki;*
*santuri ilochubuka, na mpya iso mikiki,*
*jazi ni moja hakika, kaa nami hubanduki.*

Mwaka wa tisa huu, vina ni hivyo hivyo.
Mimi ni wa mitambo: sindano, nyaya,
na kufukuza mijusi.

Usiku ule alikuja kijana wa Makorora, Hemedi Sempombe,
kwapani kompyuta mpakato, mwilini shati
aliloshonewa kwa harusi ya kaka yake.
Ameupiga upya ule wimbo wa Nguvumali Jazi
wa mwaka sitini na sita. Besi mpya, ngoma za kompyuta,
ila tarumbeta ile ile: ameinyofoa kwenye santuri,
akaisafisha.
"Imetakata," alisema.
Kweli ilitakata. Ilitoka kwenye spika
kama kanzu ya Idi kabla ya pilau.

Simu ikawaka. Sauti ya mama, taratibu:
"Mwanangu, mdundo mzuri.
Ila mume wangu umempeleka wapi?"

Hemedi akanitazama. Mimi nikautazama mkeka.

"Dakika ya pili, tarumbeta inapopumzika,
pale alikohoa. Vumbi la mkonge
lilikuwa limemkaa kifuani wiki nzima,
na fundi alikuwa na utepe mmoja tu, wakaacha.
Yule hakuimba, alipuliza.
Hata picha ninayo moja, amefumba mdomo.
Wajukuu wakiniuliza Babu alikuwa na sauti gani,
nawawekea hapo."

Bi Saumu hakusema neno.
Redioni kimya ni deni: sekunde tano, sita, saba.
Kisha akaninyooshea kidole, kabati la chini,
santuri iliyovikwa gazeti.

Nikaipangusa kwa kiganja, vibaya, najua.
Sindano ikashuka. Mchakacho wa mihogo ikikaangwa,
halafu magitaa mawili yakibishana kwa adabu,
halafu yeye, akikwaruza kidogo ukingoni mwa noti,
pale ambapo kompyuta ya Hemedi iliona kosa.
Dakika moja. Moja na nusu.
Hemedi ameyashika magoti yake.
Tarumbeta ikapanda, ikageuka, ikapumzika,

na umeme ukakatika.

Feni ikazunguka kwa mazoea, ikakoma.
Jenereta halina mafuta tangu Jumatatu.
Santuri nayo iliendelea kidogo gizani,
bila kutoa kitu.

Lakini simu ilikuwa ya Bi Saumu mwenyewe, ina chaji,
iko mezani, mstari haujakatika.
Tukamsikia yule mama akivuta pumzi,
na akakohoa.
Mara mbili, ya pili fupi,
juu ya mdundo kabisa, mdundo ambao haukuwapo,
kisha akaishika tarumbeta kwa midomo,
pa-paa, pa, pa-paa,
mpaka mwisho wa ubeti.

Hewani hayakwenda hayo. Ngamiani haikusikia.
Chini barabarani mtu alipiga kengele ya baiskeli
akitafuta njia gizani.
Hemedi alipapasa mfukoni, akawasha simu arekodi,
mwanga ukampiga usoni, macho yamemlowa.
Alichelewa.
Mama alikuwa ameshamaliza, anatuuliza:
"Kwani na huko umekatika?"